Siku ya Shabaha kwa Bunduki ya Wenzo, Nje ya Nakuru: Mwongozo Kamili

Daftari langu la shabaha lina safu nne: tarehe, bunduki, risasi zilizotoka kabatini, risasi zilizorudi. Tofauti ya safu mbili za mwisho lazima ilingane na maganda matupu tunayookota kabla ya kuondoka uwanjani. Nilifundishwa hivyo na mjomba wangu kule Rongai, aliyekuwa na bunduki moja ya wenzo ya .22 (hicho ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu kwa inchi, yaani kaliba) na pakiti ya risasi 50 iliyotutosha Jumamosi mbili. Miaka imepita na bado sijaona njia bora ya kupanga siku ya namna hii. Zitoke risasi chache, kila moja na kazi yake, na kila moja ihesabiwe.

Nimewaandikia watu watatu au wanne wanaotaka kutumia Jumamosi moja kulenga shabaha bila mashindano. Mmoja wao angalau awe mwenye bunduki halali na uzoefu. Kama kundi lote ni la wageni, tafuteni kwanza mwalimu, kisha mrudi kwenye maelezo haya.

Bunduki yenyewe

Ukiishika mara ya kwanza utaona chuma kilichopinda mfano wa kitanzi chini ya shingo ya kitako, nyuma ya triga. Huo ndio wenzo. Ukiusukuma chini na mbele, komeo, yaani chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, linarudi nyuma, linavuta ganda tupu na kulitupa nje, na papo hapo linailaza nyundo nyuma ikiwa tayari kupiga. Ukiurudisha wenzo juu, komeo linasukuma risasi mpya iliyotoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu, linaiingiza chemba, yaani nafasi ya risasi nyuma ya mtutu, na kufunga. Yote hayo hufanywa na mkono mmoja, na kitako hakijaondoka begani.

Benjamin Tyler Henry alipata hataza ya bunduki yake mwaka 1860. Kampuni ya Winchester ikafuata na modeli za 1866 na 1873, kisha John Browning akabuni ile ya 1894, ambayo ndiyo sura inayowajia wengi wakisikia habari za bunduki hizi. Huku kwetu nazo si ngeni. Theodore Roosevelt, baada ya kuondoka madarakani Marekani, alikuja mwaka 1909 na Winchester ya 1895 yenye kaliba ya .405. Alipita Naivasha, Njoro na nyanda za Uasin Gishu, kisha akapanda meli Kisumu kwenda Uganda. Safari ile ilikuwa ya kuua wanyama. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, nami naunga mkono marufuku hayo kwa moyo wote. Karatasi na chupa za maji zinatosha kabisa kumfundisha mtu kulenga.

Karatasi za serikali kwanza

Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haina nafasi ya kubahatisha. Mwenye bunduki awe na cheti kutoka Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki, kiwe hakijapitwa na muda, na risasi anazobeba zisizidi zile alizoruhusiwa. Cheti hicho kisafiri pamoja na bunduki. Kama kuna mgeni kwenye kundi asiye na cheti, pigieni simu uongozi wa uwanja siku kadhaa kabla na muulize kama anaruhusiwa kupiga, na kwa masharti gani. Jibu likiwa hapana, aje atunze daftari na kuangalia kwa darubini. Nimeona watu wakifika langoni na shemeji zao wa kutoka Busia, wote wamejaa furaha, kisha wanarudishwa.

Mahali pa kupigia ni uwanja ulioidhinishwa tu. Shamba la babu lenye kilima nyuma halitoshi, hata kama jirani wa karibu yuko mbali. Risasi ndogo ya .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikigonga jiwe inaruka upande usioutarajia. Uwanja mzuri una tuta refu la udongo laini nyuma ya shabaha, mstari mmoja wa kupigia, na msimamizi ambaye neno lake halibishaniwi.

Kuchagua bunduki na risasi

Leteni bunduki mbili kama zipo. Ya kwanza iwe .22, yaani Henry H001, Marlin 39A au nyingine ya ukoo huo. Haina mteke, yaani msukumo wa nyuma inapolia, wa kumtisha mtu, risasi zake ni za bei nafuu kuliko nyingine zote, na makosa yote ya mkono yanaonekana kwayo waziwazi. Ya pili iwe ya kaliba kubwa kidogo, kwa kawaida .30-30, kama Winchester 94 au Marlin 336. Hii ndiyo itakayowafanya watabasamu saa tano, baada ya .22 kuwanyoosha mikono.

Zingatieni ncha ya risasi. Katika bunduki nyingi za wenzo risasi hukaa kwenye bomba moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa kitako cha ile iliyo mbele yake. Kitako cha risasi ya .30-30 kina fataki, kile kidude kinachowasha baruti kikigongwa, katikati. Ukiweka risasi zenye ncha kali ya chuma, mteke wa bunduki unaweza kuifanya ncha hiyo igonge fataki ya iliyo mbele kama msumari, na risasi ikalipukia ndani ya bomba, sentimita chache kutoka kiganja chako cha kushoto. Ndiyo maana risasi za .30-30 zina ncha bapa au ya mviringo butu, au zile za siku hizi zenye ncha laini kama mpira zilizotengenezwa makusudi kwa mabomba haya. Winchester ya 1895 ndiyo iliyokwepa tatizo hilo, kwa sababu Browning aliipa magazini ya sanduku ambamo risasi hulala moja juu ya nyingine. Kwa .22 hofu hii haipo. Fataki yake iko ukingoni mwa ganda, si katikati, na risasi yenyewe ni butu.

Basi kabla ya kununua, soma kaliba iliyochongwa kwenye mtutu, kisha soma pakiti, kisha itazame ncha kwa macho yako. Usipokee risasi zilizomwagwa kwenye mfuko, hata kama anayekupa ni rafiki wa kuaminika.

Jioni ya Ijumaa

Gawa risasi mezani. Hesabu yangu kwa kila mtu ni risasi 25 za .22 na 10 za .30-30. Zile 25 nazigawa hivi: 5 za kuzoea, 10 za kupiga makundi mawili ya tano tano (kundi ni matundu ya risasi zilizolengwa mahali pamoja kwenye karatasi), na 10 za mchezo wa alasiri. Katika zile 10 kubwa, 3 ni za kuthibitisha vilengeo vya juu ya mtutu, 5 za kundi moja la makini, na 2 zinabaki kwa yeyote aliyeharibu kundi lake. Watu wanne wakitoka na risasi 140, wanarudi wameridhika. Wanaobeba risasi 500 hupiga mia moja za maana na mia nne za uchovu.

Bunduki zisafiri tupu, kila moja ndani ya mkoba wake uliofungwa, na risasi zikae kwenye sanduku lao peke yao. Zaidi ya hapo beba miwani ya kukinga macho kwa kila mtu, vikinga masikio, magunia mawili madogo ya mchanga ya kuegemezea mtutu, karatasi za shabaha na gamu, fimbo ya kusafishia, kitambaa, mafuta kidogo, sanduku la huduma ya kwanza, sabuni, lita 10 za maji ya kunawa, na gunia la kurudisha takataka. Kofia yenye ukingo husaidia sana, na shati lifungwe kifungo cha juu. Ganda la moto likiingia shingoni, mtu anaruka akiwa na bunduki mkononi, na mtutu unaelekea kusikojulikana. Kifungo kimoja kinaondoa hatari hiyo.

Vikinga masikio visichukuliwe kama pambo. Mlio wa .30-30 hupita desibeli 150, na sikio lililoumia kwa mlio halirudi kuwa lilivyokuwa. Mjomba wangu alizeeka akiomba kila sentensi irudiwe.

Kufika mapema

Sisi huwa tumefika saa moja na nusu asubuhi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi hewa hutulia, mlima Menengai ukionekana safi kabisa. Kuanzia saa saba mchana, hasa Januari na Februari, upepo huamka na vumbi nalo. Jina la mji wenyewe husemwa limetoka kwenye neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na anayesafisha bunduki hapa hana sababu ya kubisha.

Upepo si jambo dogo kwa risasi ndogo. Ukivuma kutoka pembeni kwa kilomita 16 kwa saa, husogeza risasi ya .22 kiasi cha sentimita 3 kwenye umbali wa mita 50, na zaidi ya sentimita 10 kwenye mita 100. Ndiyo maana kazi ya makini hufanywa asubuhi, na michezo huachiwa alasiri. Kisumu, ziwani, panga vivyo hivyo, kwani upepo wa ziwa nao hupenda mchana.

Maneno ya kukubaliana kabla ya mkoba kufunguliwa

Simameni pamoja na mmoja ayaseme kwa sauti, hata kama wote ni wakongwe. Kila bunduki ina risasi mpaka umeifungua na kuona mwenyewe kuwa haina. Mtutu hauelekei popote ambapo wewe huko tayari kupatoboa. Kidole kinakaa nje ya triga, kimenyooshwa ubavuni, mpaka kilengeo kimetua kwenye shabaha. Jua kilicho mbele ya tuta, na kilicho nyuma yake.

Kisha kubalianeni kwamba neno "Simama!" linaweza kutamkwa na yeyote, hata mtoto, hata mgeni wa kwanza. Likitamkwa, kila mtu anaacha kupiga, anafungua wenzo na kuweka bunduki mezani, mtutu ukielekea tutani. Hakuna anayeuliza kwa nini kabla ya kutii. Mtu akienda kubadilisha karatasi za shabaha, hakuna anayegusa bunduki, hata kuifuta vumbi tu.

Sisi hupiga mmoja mmoja, wengine wakikaa nyuma ya mstari. Anayepiga ana mtu mmoja ubavuni mwake, na kazi ya mtu huyo ni kutazama mkono na mtutu. Asitazame shabaha. Binti wa kaka yangu alipopiga mara ya kwanza nilikaa hapo mwenyewe.

"Baba mdogo, nikikosa?"

"Ukikosa, tuta litaipokea. Wewe nitazamie kidole chako."

Kujaza

Kwenye .30-30, geuza bunduki kidogo ili ubavu wa kulia uonekane. Kuna kidirisha cha chuma chenye springi. Sukuma risasi kwa ncha kwanza, na kidole gumba kiisindikize, lakini usiiingize ya kwanza mpaka mwisho. Iache kitako chake kikizuia kidirisha, kisha isukume kwa ncha ya risasi ya pili. Hivyo kidole hakibanwi kila mara. Ya mwisho ndiyo unaisukuma mpaka kidirisha kifunge. Hata kama bomba linachukua sita au saba, anayejifunza aweke moja, halafu mbili, halafu tatu.

Kwenye .22 nyingi kuna bomba dogo la ndani unalolivuta kutoka mbele, unadondosha risasi kwenye tundu, halafu unalirudisha na kulifunga. Hapa kosa la kawaida ni kupitisha mkono au uso mbele ya mdomo wa mtutu. Hakikisha komeo limefunguliwa na chemba ni tupu kabla ya kujaza, simama ubavuni, na mkono ufanye kazi kutoka pembeni.

Wenzo una adabu yake

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanaogopa kuuvunja wenzo, wanauvuta taratibu kama mlango wa chumba alimolala mtoto, na hawaufikishi mwisho. Matokeo yake ganda tupu halitoki vizuri, au risasi mpya haipandi, na mambo yanakwama. Wenzo unataka mwendo kamili: sukuma mpaka uguse mwisho wake mbele, rudisha mpaka ukutane na shingo ya kitako. Usipige kwa hasira, ila usisite katikati.

Wakati wa kuurudisha, kidole cha shahada kiwe nje kabisa. Vidole vitatu vinafanya kazi ndani ya kitanzi, cha shahada kimelala juu ya mwili wa bunduki. Ukifunga wenzo kidole kikiwa kwenye triga utajibana, na vibaya zaidi, unaweza kufyatua kabla hujajiandaa.

Kuhusu nyundo, fundisho langu kwa mgeni ni moja. Wenzo ukishafungwa na nyundo iko nyuma, ama unapiga, ama unafungua wenzo. Kuishusha nyundo taratibu juu ya risasi iliyo hai kwa kidole gumba ni kazi ya mtu mwenye miaka ya mazoezi, tena mikono ikiwa mikavu. Gumba likiteleza, bunduki inalia. Ukibadilisha mawazo, fungua wenzo, toa risasi, anza upya.

Kulenga

Jua kwanza jicho lako lenye nguvu. Unganisha viganja uache tundu dogo, nyosha mikono, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha fumba jicho moja moja. Linaloendelea kukiona ndilo la kulengea. Uzuri wa bunduki ya wenzo ni kwamba mkono wa kushoto na wa kulia wote huiendesha vizuri, kwa hiyo mwenye jicho la kushoto ahamie bega la kushoto bila shida.

Anzeni mmekaa mezani, mtutu ukiegemea gunia la mchanga chini ya mbao ya mbele, si chini ya chuma cha mtutu. Shabaha iwe mita 25. Vilengeo vya wazi ni viwili: cha mbele ni kijiti kidogo mdomoni mwa mtutu, cha nyuma kina mwanya. Weka kijiti katikati ya mwanya, kichwa chake kikiwa sawa na kingo zake au kikitua chini ya mwanya, kulingana na bunduki. Halafu jicho likae kwenye kijiti. Jicho haliwezi kuona vizuri mwanya, kijiti na karatasi kwa wakati mmoja, na anayechagua kuiona karatasi hutawanya risasi. Acha shabaha iwe na ukungu, kijiti kiwe kikali kama ncha ya sindano.

Pumua, toa nusu ya pumzi, na katika utulivu ule kaza triga polepole kwa ncha ya kidole. Mlio ukushtue kidogo. Ukisikia mlio, endelea kutazama kijiti kwa muda wa kuhesabu moja, kisha ndipo uendeshe wenzo. Wanaoinua kichwa haraka kuona wamepiga wapi ndio wanaopiga juu.

Piga tano kwa pumzi ileile na utazame kundi, si risasi mojamoja. Kundi dogo lililo pembeni ni habari njema, kwa sababu mkono ni mzuri na vilengeo tu ndivyo vinataka kusogezwa. Kundi lililotawanyika halitibiwi kwa kugusa vilengeo, na anayejaribu atakuwa anakimbiza kivuli mpaka jioni. Kanuni ya kusogeza ni nyepesi: kilengeo cha nyuma kinakwenda upande unaotaka risasi iende. Husogezwa kwa kugongwa, tena kidogo sana, nusu milimita huonekana kwenye karatasi, kwa hiyo gonga, piga tatu, tazama.

Kundi likikaa katikati kwenye mita 25, hamia 50, na hapo ndipo utakapoiacha .22 yako. Ikiwa imewekwa sawa kwa mita 50, risasi ya kasi ya juu itashuka kiasi cha sentimita 15 hadi 20 ukijaribu mita 100. Kwa .30-30 nenda mita 50 kwanza kuthibitisha, halafu 100. Kwa vilengeo vya wazi, kundi la sentimita 10 kwenye mita 100 ni kazi nzuri ya kujivunia. Kitako kikae ndani kabisa ya bega, si kwenye mfupa wa mkono, na mtu ajiinamishe mbele kidogo. Mteke wake si wa kuogofya kama bega limekipokea kitako mapema.

Ukishatoka mezani, piga goti, kisha simama. Kulala kifudifudi hakupendwi sana na bunduki hizi, kwa sababu wenzo hugonga ardhi. Ukitaka kulala, inamisha bunduki ubavu kila unapouendesha.

Ikikataa

Umekaza triga na umesikia "ta" tupu. Usifungue. Mtutu ubaki tutani, hesabu taratibu mpaka 60, kwa sababu fataki mbovu huweza kuchelewa kuwasha baruti. Kisha fungua wenzo, uso ukiwa mbali, na risasi hiyo iwekwe kando peke yake umkabidhi msimamizi.

Kama mlio ulikuwa hafifu, wa "puf", bila mteke, simamisha kila kitu. Huenda risasi imekwama ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka. Ondoa risasi zote, thibitisha chemba ni tupu, kisha pitisha fimbo. Isipopita, bunduki hiyo imemaliza siku na inaelekea kwa fundi.

Wenzo ukigoma katikati, usiulazimishe kwa goti wala kwa kuugonga. Mara nyingi ni mwendo uliokatizwa, na risasi mbili zinagombania nafasi moja. Mwaka mmoja nilipaka mafuta mengi usiku wa kuamkia safari, nikidhani nakuwa mwangalifu. Kufikia saa nne vumbi lilikuwa limeshikana na mafuta yale, uji mweusi umejaa njia ya komeo, na wenzo haukurudi tena. Nilipoteza asubuhi nzima. Hapa kwetu mafuta ni tone, tena linapanguswa.

Chakula, na sabuni kabla yake

Kiswahili kimeita vitu viwili kwa jina moja: risasi inayotoka mtutuni na madini ya risasi yaliyomo ndani yake. Madini hayo ni sumu, hukaa kwenye vidole na kwenye moshi unaovutwa, na watoto ndio huumia zaidi. Kabla ya chapati na ndengu, bunduki zote ziwe zimefunguliwa wenzo na zimewekwa, kisha kila mtu anawe kwa maji na sabuni, uso pia. Chakula hakikai kwenye meza ya kupigia. Pombe haifiki uwanjani kabisa, hata ile ya "moja tu ya kushushia nyama".

Mchezo wa alasiri

Jaza chupa tano za plastiki maji yenye rangi, zipange mita 25 mbele ya tuta, kila mtu akiwa na risasi tano za .22 na amesimama. Anayekosa anakaa, na anayefuata anaendelea na chupa zilizobaki. Duru ya pili bandika vibandiko vya ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini kwenye karatasi, risasi moja moja kwa zamu. Watu hunyamaza kuliko walivyonyamaza asubuhi.

Epuka chupa za kioo, mawe na vyuma vya kuokota. Shabaha za chuma zipo, lakini ziwe za chuma kigumu kisicho na mashimo, zimeinamishwa mbele kidogo, na kwa .30-30 zikae mita 100. Chuma chenye mashimo hurudisha vipande kwa aliyepiga. Vipande vyote vya plastiki vinaingia kwenye gunia na kurudi nyumbani.

Kufunga siku

Kwenye .22, toa bomba la ndani, mimina zilizobaki, halafu bado endesha wenzo mara tatu, kwani moja hupenda kubaki ndani baada ya bomba kumwagwa. Kwenye .30-30 endesha wenzo mpaka risasi zote zimetoka, kidole mbali na triga, mtutu tutani. Kisha tazama chemba, na uingize ncha ya kidole kidogo kuhakikisha. Mtu wa pili naye atazame. Ndipo mkoba ufunguliwe.

Nyumbani, pitisha kitambaa chenye dawa, kisha kikavu, kisha tone la mafuta. Bunduki nyingi za wenzo husafishwa kutoka mdomoni kwa sababu mwili wake umefunga nyuma, basi fimbo iende polepole bila kukwaruza mdomo wa mtutu. Kabati lifungwe, risasi kwenye kufuli lao.

Lakini hayo ni baada ya hesabu, na hesabu hufanyika uwanjani. Jumamosi iliyopita zilitoka 140, zilibaki 31, na maganda tuliyookota yalikuwa 108. Moja halikuonekana. Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa Mau, shemeji akasema tuliache, nasi tukapiga magoti kwenye majani tukipapasa kwa dakika ishirini. Binti wa kaka yangu ndiye aliyeliona, limetulia ndani ya kofia ya jaketi la shemeji mgongoni mwake. Alilitia kwenye mkebe pamoja na mengine, akachukua kalamu, akaandika 31 kwenye safu ya nne.